Risasi ya tano: filamu ya jangwani ambayo mtu wa ziwani anaielewa bila kutafsiriwa

Kasia Moja (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu. Uzi huu ni mrefu, na nasimulia filamu mpaka mwisho wake. Ambaye hajaitazama na anataka kuitazama mwenyewe aishie hapa, atarudi baadaye.

Jumapili nilikuwa kwa mjomba, Kirumba, hapa Mwanza. Tuliweka Flight of the Phoenix, ile ya mwaka 1965 iliyoongozwa na Robert Aldrich, yumo James Stewart, Richard Attenborough na Mjerumani Hardy Krüger. Mjomba amevua na kubeba mizigo Ziwa Victoria zaidi ya miaka 30. Kiingereza hakijui, nikawa namtafsiria kila mtu anachosema. Ilipofika kama nusu saa akanishika goti: "Acha. Hawa nawaelewa."

Kisa ni hiki. Ndege ya mizigo imebeba watu wa visima vya mafuta, inavuka Sahara. Dhoruba ya mchanga inaikuta, injini zinakabwa na mchanga, rubani mzee Towns anaibwaga jangwani, mbali na njia yake. Wawili wanakufa palepale, mmoja anaumia vibaya. Chakula kipo, maana kwenye shehena kuna tende zilizoshindiliwa. Maji ni ya siku chache tena kwa kupimiana. Kati ya abiria yumo Mjerumani mwenye miwani, Dorfmann, mtu mkavu asiyecheka na mtu. Anasema kazi yake ni kubuni ndege, na kwamba kutokana na mabaki ya hii iliyovunjika wanaweza kuunda nyingine ndogo ya injini moja, wakaondoka nayo. Towns hataki kumsikia. Amerusha ndege maisha yake yote, leo aelekezwe na mtu wa karatasi na rula?

Wanaijenga. Wanagombana, wanafiwa, wanaijenga. Mchana wanajilaza kivulini, usiku wanafanya kazi, kama wavuvi wa dagaa.

Sasa kilichonifanya niandike. Ndege imekamilika, inatakiwa kuwaka. Injini ile haiwashwi kwa ufunguo. Inawashwa kwa risasi za baruti zisizo na kichwa, unapiga moja, mlipuko unaizungusha injini. Zipo 7 tu. Ya kwanza, hola. Ya pili hola. Ya tatu, ya nne, hola. Zimebaki 3. Towns anaamua kwamba ya tano ataipiga huku amezima umeme wa plagi, ule unaotoa cheche ya kuwasha mafuta, yaani anajua kabisa haitawaka, anataka tu mlipuko upulize kilichojaa ndani ya silinda. Dorfmann anapiga kelele kama mtu anayeona nyumba yake ikichomwa moto.

Mjomba akanyanyuka kwenye kochi akasema neno moja: "Anaitapisha."

Risasi ya sita, injini ikawaka.

Tulinyamaza wote wawili. Kuna jambo letu nyuma ya neno lile, nitalieleza humu nikitulia. Kwanza nataka kusikia walioiona.

Sengerema Mpya

Nipo mstari wa mbele mkuu. Endelea.

Nyakato Usiku

Kaka, mimi niliiona ile ya mwaka 2004, ya Dennis Quaid. Wao wanaangukia jangwa la Gobi, Mongolia, ingawa picha zenyewe zilipigwa Namibia. Ajali ya ndege mle ndani ilinifanya nishike kiti kwa mikono miwili. Baadaye nikaitafuta hiyo ya 1965 baada ya kusikia sifa zake, nikaona inakwenda polepole mno. Watu wamekaa, wanatazamana, wanajifuta jasho. Wewe unaona nini ambacho sikukiona?

Kasia Moja

Nyakato, ajali ya ile ya 2004 ni kali kweli, hapo sikupingi. Ila mimi naipenda ya zamani kwa hilohilo linalokuchosha. Mtu aliyekwama kazi yake kubwa ni kukaa. Itazame tena, fuatilia midomo tu. Siku za mwanzo wanaongea kawaida. Baadaye midomo inaanza kupasuka, ndevu zinaota na vumbi ndani yake, mtu anaanza sentensi na kuiacha njiani kwa sababu ulimi umekuwa mzito. Aldrich hakuambii leo ni siku ya ngapi, unahesabu mwenyewe kwenye ngozi zao. Kwenye tuzo za Oscar ilipendekezwa mara mbili, Ian Bannen kwa uigizaji wa nafasi ya usaidizi, na uhariri wa picha. Huo wa uhariri hata mimi ningeupendekeza, kwa sababu kuhariri kukaa ni kazi ngumu kuliko kuhariri mlipuko.

Kuna jambo jingine linanifanya niiheshimu. Ndege ile ya mabaki unayoiona ikinyanyuka ilitengenezwa kweli na ikarushwa kweli. Aliyeirusha ni Paul Mantz, rubani mashuhuri wa kurushia filamu. Tarehe 8 Julai 1965 ndege iligusa mchanga, ikakatika katikati, Mantz akafa. Kila ninapofika sehemu ya kuondoka namkumbuka.

Mama Furu

Habari za jioni wanangu. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, filamu naziona kwa wajukuu. Niliposoma kuhusu tende nimeshtuka. Watu wana tende tele na hawana maji? Mbona hiyo ni adhabu. Dagaa mkavu ukimla bila maji unajua mwenyewe koo linavyokuwa. Mimi ningewaambia wasile kabisa.

Na swali la pili. Kwa nini wasitembee tu? Jangwa lina mwisho.

Ticha Nansio

Shikamoo Mama. Nafundisha sekondari Ukerewe, naomba nijibu yote mawili, maana nimewahi kuwafundisha wanafunzi jambo hili.

Kuhusu tende uko sahihi. Mwili unahitaji maji kusaga chakula na kutoa taka zake, kwa hiyo asiye na maji akila sana anajimaliza. Njaa mtu anaivumilia wiki kadhaa. Kiu haina subira hiyo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mwanafiziolojia mmoja Mmarekani, Edward Adolph, pamoja na wenzake walikwenda kuwapima askari kwenye jangwa la California. Waliona kwamba mtu akifanya kazi juani anaweza kutoa jasho la zaidi ya lita moja kwa saa. Wakakadiria kwamba joto la mchana likifika nyuzi 49 na mtu hana maji kabisa, hata akilala kivulini asitembee hatua moja, ana kama siku 2. Jambo lililowashangaza wengi ni hili: kuyabania maji kwenye chupa hakumsaidii mtu. Anakutwa amekufa na chupa ina maji. Cha kubania ni jasho. Ndiyo maana mpango wa akina Dorfmann wa kulala mchana na kufanya kazi usiku ni wa mtu anayejua anachofanya.

Kuhusu kutembea, Mama, ngoja nikupe kisa cha kweli. Tarehe 4 Aprili 1943 ndege ya kivita ya Marekani iliyoitwa Lady Be Good ilikwenda kushambulia Naples, Italia. Wakati wa kurudi Libya usiku ikapitiliza kituo chake bila kujua, ikaendelea kusini ndani kabisa ya jangwa. Mafuta yakakaribia kwisha, watu wote 9 wakaruka na miavuli. Mmoja mwavuli wake haukufunguka sawasawa. Wanane walikutana chini wakiwa na chupa moja ya maji iliyojaa nusu. Waliamini bahari iko karibu, wakatembea kuelekea kaskazini. Walikuwa zaidi ya kilometa 600 kutoka baharini. Rubani msaidizi aliandika shajara, mistari michache kila siku, na kwa maji yale ya nusu chupa walikwenda siku 8, zaidi ya kilometa 100, jambo ambalo kwa vipimo vya Adolph halikutakiwa kuwezekana. Hakupona hata mmoja.

Ndege yenyewe ilishuka peke yake bila mtu, ikatulia kwenye mchanga upande wa kusini, haifiki kilometa 30 kutoka pale walipotua. Watafuta mafuta waliiona kutoka angani mwaka 1958, mwaka uliofuata ikafikiwa. Ndani kulikuwa na maji, chakula, na redio inayofanya kazi.

Hii huwa nawasomea wanafunzi polepole. Darasa linatulia lenyewe.

Mama Furu

Mungu wangu. Maji yalikuwa nyuma yao.

Sengerema Mpya

Nimesoma hiyo ya Ticha mara mbili. Siku 8 kwa nusu chupa.

Nyakato Usiku

Ila Ticha, wao hawakujua ndege iko wapi. Ilikuwa usiku, waliruka, ikaenda zake. Huwezi kuwalaumu.

Ticha Nansio

Siwalaumu hata kidogo. Nilikuwa namjibu Mama kuhusu jangwa kuwa na mwisho. Tena wapo waliotembea wakapona. Mwaka 1994 Muitalia Mauro Prosperi alipotezwa na dhoruba ya mchanga kwenye mbio za jangwani Morocco. Alikaa siku kadhaa ndani ya kaburi la mtakatifu lililojengwa huko, akinywa damu ya popo, kisha akatembea alfajiri na jioni tu mpaka akakutwa na wafugaji, akiwa tayari ameingia Algeria. Alikuwa amepungua zaidi ya kilo 15. Huyo alitembea, ila alijua saa za kutembea.

Fundi Mbao Igombe

Wakuu, mimi ni fundi wa mitumbwi. Niliiona filamu hii zamani kwenye banda la video Igombe, ya kaseti, na kuna sehemu Kasia Moja ameiruka ambayo kwangu ndiyo filamu nzima.

Kazi imefika karibu na mwisho. Siku moja Towns na mwenzake Moran wanazungumza na Dorfmann kuhusu kampuni yake, anawaonyesha kitabu cha bidhaa. Ndege kubwa kuliko zote anazobuni zina upana wa kitanda. Ni ndege za mfano, za watoto na watu wazima wanaorusha kama mchezo. Hajawahi kuunda ndege ya kubeba mtu. Nyuso za wale wawili pale mtu hawezi kuzisahau. Wamezika wenzao, wamemaliza maji kwa ajili ya mchezo wa watoto!

Sasa sikiliza Dorfmann anavyojitetea. Hatetemeki, anashangaa kwa nini wanashangaa. Kanuni ni zilezile, anasema. Na anaongeza kwamba ndege ya mfano inatakiwa kuwa imara zaidi, kwa sababu haina rubani ndani wa kuirekebisha ikiyumba.

Banda zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nimeanza ufundi nikiwa na miaka 9, nachonga mitumbwi ya mti wa mlonge na ya mabua, naiweka ziwani, upepo unaichukua. Ule wa kwanza ulipinduka. Wa pili ulipinduka. Nikagundua ukiupa tumbo pana na uzito kidogo chini, unasimama peke yake bila mtu. Mzee aliyenifundisha kazi alipoona mtumbwi wangu wa mabua unakata wimbi bila kuinama, siku hiyohiyo akanipa randa nishike. Hakuniuliza nimejenga mitumbwi mingapi mikubwa. Mpaka leo nikitengeneza wa futi 30, kichwani nauona ule wa mabua.

Kwa hiyo Towns alipokasirika nilimwelewa, maana ni maisha ya watu. Lakini Dorfmann alikuwa sahihi kuanzia mwanzo, na alikuwa sahihi kwa sababu hiyohiyo waliyotaka kumchekea.

Kasia Moja

Fundi, umenigusa. Sikuiruka kwa kusahau, nilikuwa naogopa kuiharibu. Umeieleza kuliko ambavyo ningeweza.

Sasa nieleze neno la mjomba.

Mwaka 2014 tulitoka Ukara jioni na magunia ya dagaa, tunakuja Mwanza. Mtumbwi wa mbao, mashine ya nguvu farasi 15, watu saba. Mjomba ndiye nahodha, ameshika usukani nyuma. Mimi nilikuwa abiria tu, nimetoka likizo. Kulikuwa na kijana wa miaka 17 hivi, kazi yake kukomba maji. Amekaa katikati na kopo la rangi lililokatwa, anakomba na kumwaga, hakuna aliyemjua jina vizuri. Tulimwita Mkomba.

Giza limeshaingia, mashine ikakohoa ikazima. Mjomba akavuta kamba. Haikuwaka. Akafungua mafuta zaidi, akavuta. Akavuta tena. Kila akivuta harufu ya petroli inaongezeka, mpaka mimi niliyekaa mbele naisikia. Alivuta kwa muda mrefu sana. Mwanga wa tochi ulipopita kwenye mikono yake niliona ngozi ya kiganja imetoka na kamba ina damu.

Upepo ukageuka. Wanaojua ziwa letu wanajua usiku lilivyo. Ukiwa nje, huoni taa hata moja, wimbi linakuja kutoka gizani hulioni mpaka limeinua pua ya mtumbwi. Maji yote yale ya kunywa yako chini yako, kiu haikuui. Kinachokuua ni kupinduka, na ukishapinduka ni baridi, maana maji yananyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa. Abiria mmoja alianza kuvua viatu. Akasema ameona kisiwa, atapiga mbizi. Hakukuwa na kisiwa. Watu wawili walimkalia.

Ndipo Mkomba akasema, kwa sauti ndogo: "Mjomba, imemeza mafuta. Ukiendelea kuvuta unaizidishia."

Mjomba alimtukana. Niseme ukweli kama ulivyo, alimtukana. Yeye ana miaka mingi na mashine, huyu ni mtoto wa kopo. Kijana akaendelea kukomba maji. Baada ya muda akarudia maneno yaleyale, sauti ileile, akaongeza kwamba alikaa gereji ya pikipiki mwaka mzima. Alitaka afungue plagi zote mbili, afunge bomba la mafuta, halafu mashine ivutwe bila plagi mpaka iteme petroli yote iliyojaa ndani. Itapishwe. Ndiyo neno lake.

Fikiria hofu ya mjomba. Tulikuwa na spana moja ya plagi. Plagi ni hizo mbili tu. Gizani, mtumbwi unarushwa, unamwambia mtu afungue kitu ambacho kikidondoka ziwani ndiyo mwisho. Halafu avute kamba kwa mikono ile, nguvu zile zilizobaki, kwa mvuto ambao anajua kabisa hautawasha chochote. Ndiyo risasi ya tano, wakuu.

Mjomba akamkazia macho muda mrefu. Kisha akampisha nafasi nyuma, yeye akachukua kasia na kukaa kwa namna ya kuuweka mtumbwi pua kwenye wimbi. Hilo hakumwachia mtu mwingine usiku mzima. Kijana asingeliweza, na alijua hawezi.

Mkomba alifungua plagi ya kwanza. Hakuwa na pa kuiweka. Akaibana kwa meno. Ya pili akanipa mimi, akanifunga vidole kwa mkono wake kama mtu anavyomfunga mtoto sarafu. Ilikuwa ya moto bado na imelowa. Nikaikumbatia ngumi yangu kwa mkono mwingine. Watu wawili wakapokezana kuvuta. Kila mvuto, tundu linatema mvuke wa petroli, puu, puu. Alihesabu mpaka 20. Akaomba shati kavu, hakukuwa na shati kavu, mama mmoja akatoa kitambaa alichokuwa amekifunga kwapani ndani ya nguo. Plagi zikafutwa kwa kile, zikarudi. Bomba likafunguliwa.

Mvuto wa kwanza, hola. Wa pili ikakohoa. Wa tatu ikawaka.

Mjomba akarudi kwenye usukani. Kijana akarudi kwenye kopo lake.

Tangu usiku ule mpaka Jumapili iliyopita mjomba hakuwahi kuzungumzia jambo lile mbele yangu. Ndipo akaona Towns anapiga risasi bila umeme, akasema anaitapisha. Na angalieni jambo moja. Kwenye filamu anayejua injini ni mzee, anayejua maungo ya ndege ni kijana. Kwetu ilikuwa kinyume, kijana alijua mashine, mzee alijua wimbi. Walichofanana ni kwamba kila mmoja ilibidi anyamaze kwa zamu. Towns asingenyamaza kwenye ujenzi pasingekuwa na ndege, na Dorfmann asingeshindwa kelele zake kwenye risasi ya tano ndege ingebaki kuwa sanamu.

Sengerema Mpya

Mkuu mikono imenitoka jasho hapa.

Fundi Mbao Igombe

Plagi kwa meno. Huyo ni fundi.

Mama Furu

Mwanangu pole sana, na huyo mama wa kitambaa Mungu ampe maisha marefu.

Naomba niulize jambo lililonikaa. Mjukuu wangu ameniwekea filamu jana baada ya kusoma hapa. Yule Dorfmann anaiba maji. Wenzake wanapimiwa, yeye anakunywa zaidi ya fungu lake kwa siri. Anapogunduliwa hakatai, anasema anafanya kazi kuliko wengine. Hapo nilimchukia. Mimi nimelea watoto sita. Sahani moja ikiwa ndogo, anayepika ndiye anayekula mwisho.

Nyakato Usiku

Mama kwa heshima zote, mimi namtetea. Mchana wengine wamelala, yeye anachora, na usiku anabeba nao. Ticha ametueleza jasho linavyotoka. Anayefanya kazi anahitaji zaidi, huo ni mwili, sio tabia. Akifa yeye wanakufa wote.

Ticha Nansio

Kwa hesabu Nyakato yuko sahihi. Kwa hesabu tu.

Mama Furu

Basi angeomba. Angesema mbele ya wote, mimi nahitaji kikombe na nusu kwa sababu hii na hii. Mbona wangempa? Kuchukua gizani ndiko kubaya. Ukishaanza kumhesabia mwenzako mafunda usiku, hamuwezi tena kubeba bawa pamoja.

Nyakato Usiku

Hapo Mama sina jibu.

Kasia Moja

Mama Furu, nadhani ndiyo sababu filamu ile inabaki na mtu. Anayewaokoa hapendeki. Rubani tunayempenda ndiye aliyewaangusha, naye anajua, anaibeba lawama ile kimya. Kuna kapteni wa jeshi, Mwingereza, jasiri na mwenye nidhamu, anayechagua kutembea kutafuta msaada, na ujasiri wake unampeleka kwenye kifo. Sajenti wake anamkatalia amri kwa woga, naye ndiye anayepona. Hakuna aliyepewa haki yake sawasawa. Ziwani pia ndivyo ilivyo.

Ticha Nansio

Naomba niongeze la kwetu, kwa uangalifu, maana wengi humu tulipoteza watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, kikitoka Bugolora. Walifariki watu 228. Siku mbili baadaye, watu wakiwa wameshakata tamaa ya kupata aliye hai, wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko akiwa mzima. Alikuwa amebaki ndani ya chombo kilichopinduka, mahali palipobaki hewa. Alikuwa mhandisi, alikijua chombo chake gizani.

Mimi nilikuwa ufukweni siku ile ya pili. Watu waliokuwa wamekaa chini wakisubiri miili walisimama wote kwa pamoja. Hakuna aliyepiga makofi. Walisimama tu.

Fundi Mbao Igombe

Nakumbuka. Tuliacha kazi siku tatu.

Mama Furu

Nilikuwa na mteja wangu mle. Alikuwa anakuja kila wiki, hakuwahi kunikopa. Mungu awalaze wote.

Sengerema Mpya

Amina.

Kasia Moja, swali la mwisho kutoka kwangu. Yule kijana, Mkomba, yuko wapi?

Kasia Moja

Yupo. Ni fundi wa mashine za mitumbwi hapahapa Mwanza, ana vijana wawili chini yake. Jina lake nalijua vizuri siku hizi, ila humu siliandiki bila ruhusa yake. Mashine ya mjomba inatengenezwa kwake, na mjomba huwa anakaa kwenye benchi kumsubiri amalize, hamwelekezi kitu.

Jana nilimpitia nikamwambia kuhusu filamu. Hajaiona. Nimemwalika Jumamosi kwa mjomba, baada ya kufunga kazi. Mjomba amekubali, amesema atanunua sato mwenyewe. Ila ameweka sharti moja: ikifika sehemu ya zile risasi, nisitafsiri, na mtu yeyote asiseme neno mpaka kijana aseme yeye.